Sweta la Modemu

Mafundi wa mtandao wengi wakiingia nyumbani kwa mtu hukimbilia modemu. Fundi mmoja, mama ambaye wenzake wanamwita Taratibu, hukimbilia kiti. Hukaa, akatazama, mikono kaipakata. Mabosi wake wamemsema hadi wamechoka, na kazi haijamshinda hata siku moja.

Mchana mmoja, saa saba na nusu, alimkuta binti wa nyumba moja hana raha. Saa tisa alikuwa na usaili wa kazi kwa video, na mtandao haukai. Mafundi wawili walishakuja, kila mmoja akabadilisha modemu, akaijaribu, ikaenda vizuri, akaaga. Akitoka tu, yale yale.

"Miaka miwili natafuta kazi, dada," binti alisema, machozi yakimlengalenga. "Leo ikikatika, basi tena."

"Haikatiki," fundi akajibu, akakaa.

Bibi yake binti akainuka mbio. "Ngoja niivue, mwanangu, ufanye kazi yako."

"Uivue nini?"

Lo! Juu ya kabati, modemu ilikuwa imevaa sweta jekundu la sufu, limefungwa vifungo hadi shingoni. "Nimeifumia mwenyewe, vumbi lisiiingie," bibi alisema kwa fahari. "Hata wenzako niliwavulia kabla hawajaingia. Wakiondoka, naivisha."

"Leo usiivue. Niache niione inavyoishi."

Akaigusa. Moto kama pasi! Taa yake ikapepesa, ikazima.

"Bibi, waya wa nje unaingia hapa, kwenye modemu. Ile yenye antena ni ruta, kazi yake kugawa waifai vyumbani. Modemu ikizimia kwa joto, ruta itagawa nini? Na hivi vitundu vya ubavuni ndizo pua zake. Umeziziba."

Bibi akaligeukia lile sweta. "Kumbe mimi ndiye ninayemzibia mtoto riziki!"

"Umeipenda mno, bibi. Mapenzi nayo yana joto lake," fundi alimtania, huku akivua sweta na kukaza waya kwa spana. Kisha akaiacha modemu ipoe. Taa ikarudi, ikatulia.

Saa tisa binti akajifungia chumbani. Fundi angeweza kwenda zake, lakini alishasema haikatiki, na neno lake si la kuokota. Wakakaa na bibi, macho kwenye ile taa. Bibi akaleta masweta mengine mawili, ya modemu zilizotangulia, akayafumua yote matatu, akizungusha uzi.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. "Haijakatika hata mara moja! Wamenichukua! Naanza Jumatatu!"

Fundi akacheka hadi mbavu zikamuuma. Bibi alilia, akajifuta kwa kiganja, kisha akachukua sindano zake za kufumia na kuanza upya.

"Njoo nikupime shingo," alimwambia mjukuu wake. "Maofisini kuna baridi, na wewe pua zako siwezi kuziziba."