Salamu Tulizokubaliana Tusizipeleke

Kikundi chetu cha akina mama wa Takaungu kina masufuria makubwa ya harusi, na kila mwaka, Ramadhani ikishapita, tunapika biriani ya kuuza siku moja. Faida huenda kwa watoto wenye shida. Tumo Waislamu na Wakristo, na wali haujawahi kuungua kwa sababu hiyo.

Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, hatukupatana tuwachangie watoto gani. Katibu wetu, muuguzi mstaafu, akatoa shauri twende tukajionee wenyewe, tena bila kupeleka salamu. Alisema amefanya kazi wodini miaka mingi na anajua shuka mpya hutandikwa lini. Tukacheka, tukakubali, nami nikaomba dua Mungu atuthibitishe katika neno letu.

Sasa, kumwambia mtu wa kwetu aingie nyumba ya watu bila kupeleka salamu mbele ni kama kumwambia akatize mbele ya mtu anayesali. Mdomo utakubali, miguu itakataa.

Tulianza na nyumba ya mayatima kule Kilifi. Langoni tuliwakuta watoto wamepangwa kwa kimo, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, wanaimba. Ndani mikeka ilikuwa imetandikwa, na harufu ya biriani ya mbuzi imejaa ukumbini. Msimamizi, bwana mpole mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, alitushukuru kwa adabu zetu. Salamu za katibu zilimfikia kwanza, alisema, kisha za jirani yangu ambaye ni mzee wa kanisa, kisha za wengine wetu karibu wote, kila mmoja kwa njia yake. Ndipo akaona kwamba wageni wa namna hii si wa kupewa chai kavu.

Katibu aliangalia dari. Jirani yangu akamwinamia.

"Dada muuguzi," alimnong'oneza, "hizi shuka zimetandikwa lini?"

Mimi sikupeleka salamu, wala sistahili sifa kwa hilo. Simu yangu haikuwa na chaji.

Tulikula, maana kukataa kungekuwa kosa la pili. Lakini kila mmoja alijua kwamba yule mbuzi alikuwa wa watoto.

Matsangoni hatukuwa na mtu wa kumtuma, kwa hiyo huko tulifika kweli bila taarifa. Ni chumba kimoja cha kuazima nyuma ya maduka. Mama mmoja wa Kigiriama hushinda humo na watoto wasioweza kutembea, na wengine hata kijiko hawawezi kushika, ili mama zao wapate kwenda shamba. Mmoja wa watoto hao ni wake mwenyewe. Tulimkuta ameketi chini, mtoto mapajani, kikombe cha uji mkononi.

"Shikamooni, mama zangu," alisema. "Mtaniwia radhi, siwezi kuinuka. Maji ya kunawa yako pale. Uji unapoa."

Hakuuliza sisi ni nani. Punde si punde kila mmoja wetu alikuwa amepakata mtoto. Wangu alikuwa msichana mwembamba ambaye shingo yake haikukaza. Nilisema Bismillahi kwa mazoea, akafungua kinywa. Kijiko kilichofuata nilinyamaza, naye akabana midomo. Nikasema Bismillahi, akafungua, akacheka mpaka uji ukamwagikia buibui langu. Jirani yangu akataka naye ajaribu. Alisema "Kwa jina la Yesu," na kinywa kikafunguka vilevile.

"Huyu ni mtoto wa Takaungu," alisema jirani yangu.

Huku tukilisha, yule mama alitueleza hali yake. Mwenye chumba alikuwa anakitaka, mwanawe anaoa. Mjomba alikuwa amempa mama huyu kiwanja, na akina mama wenzake wakasimamisha kuta za udongo, ila paa hakuna. Masika ikitangulia paa, kuta zitalowa zianguke, na watoto watarudi kufungiwa nyumbani mama zao wakienda kulima. Aliyasema hayo kwa utulivu, akimfuta mwanawe kidevu.

Mkutano uliofuata ulikuwa mzito. Wengi walitaka Matsangoni, lakini katibu alishika Kilifi. Alisema tumekula mbuzi wa mayatima, na mali ya yatima si ya kuchezea. Alinitazama mimi, maana aya hiyo nilimsomesha mwenyewe madrasani, yeye akiwa binti mdogo. Niliomba waniachie mpaka kesho.

Asubuhi, baada ya kusali, nilichukua bakuli ambamo jirani yangu aliniletea kaimati. Kwetu bakuli la mtu halirudishwi tupu, basi nikatia ndizi mbivu. Nilikuwa uani, bakuli mkononi, niliposimama nikacheka peke yangu. Nikapitiliza nalo mpaka kwa katibu.

"Mwanangu," nilimwambia, "waliotulisha, nasi tuwalishe. Fedha ziende kwenye paa."

Alichukua ndizi moja ya mwenzake, akaila.

"Basi mwaliko nitawapelekea mimi," akasema.

Jirani yangu aliposikia alisema hapo hakuna wasiwasi, kazi ya kupeleka salamu katibu anaiweza.

Siku ya mapishi watoto wa Kilifi walikuja wote, wakakaa kwenye mikeka yetu kama wageni wa harusi. Tuliwachinjia mbuzi kwa michango yetu wenyewe, tukawapakulia kabla ya wanunuzi, na mdogo wao alilala ubavuni mwa sinia, mkono ungali na wali. Biriani ya kuuza iliisha kabla ya adhuhuri. Mabati yalipigwa upesi, na Mwenyezi Mungu akaizuia mvua mpaka msumari wa mwisho.

Iliponyesha, tulikuwa ndani ya chumba kipya, uji mkononi. Ilishuka kwa kishindo juu ya bati, hata sauti yangu sikuisikia. Yule msichana alishtuka, akatulia, akanitazama midomo. Nilisema Bismillahi. Akafungua kinywa.