Mstari Ambao Sikuusoma Bombani

Karanga zinapokaribia kuiva kikaangoni hutoa kwanza harufu ya udongo uliolowa, kisha harufu tamu ya mafuta, na katika nyumba yetu ya Kamembe, mji wa mpakani karibu na Bukavu, harufu hizo zilichanganyika na ya karatasi kuukuu. Mama alikaanga karanga za kuuza sokoni, nami, nikiwa na umri wa miaka kumi, nilikunja koni za karatasi za kuzifungia. Karatasi zilitoka kwa wafagiaji wa ofisi: mitihani iliyosahihishwa, barua za kuomba kazi, orodha za mifuko ya saruji. Nilisoma kila moja kabla ya kuikunja. Ndivyo nilivyowapita wenzangu darasani kwa kusoma, na ndivyo nilivyojifunza kujivuna.

Msimu mmoja wa mvua tuliletewa fungu kutoka ofisi iliyowahudumia watoto waliopotezana na wazazi, ambayo ilikuwa imefunga kazi zake. Hakuna aliyefikiri kwamba karatasi zile zina wenyewe. Katikati ya fungu nilikuta jina la Zawadi, jirani yetu na mwenzangu wa dawati, binti wa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu ambaye mtaa mzima ulimwita Maman Zawadi. Iliandikwa kwamba mtoto huyo aliokotwa kwenye mpaka wa Ruhwa, akiwa na umri wa kama mwaka mmoja, akakabidhiwa mama huyo amlee. Sikuikunja. Niliitia mfukoni.

Alasiri ile, tulipopanga madumu bombani, Zawadi alisukuma dumu langu nyuma. "Weye wa karanga, songa kule! Unanuka moshi mpaka maji yetu itanuka." Watoto wakaangua kicheko. Nikaitoa karatasi, nikaisoma kwa sauti ile ile aliyoisifu mwalimu, na nilipofika mahali palipouma nikaishia hapo. "Umesikia? Balikuokota Ruhwa!" Zawadi hakulia. Aliacha dumu chini ya bomba, likajaa na kufurika, akaenda zake nyumbani.

Kabla jua halijatua, Maman Zawadi alikuwa mlangoni petu. Nilitazamia makelele, lakini alizungumza taratibu. "Maman Hadija, nilikuwa nangoja mutoto akomae, nimuambie miye mwenyewe. Sasa ile siku bameniibia." Kisha akanigeukia. "Hadija, mwanangu, unajua kusoma sana. Basi nisaidie. Sasa hivi ananiuliza kama miye ni nani. Nimujibu nini?" Niliitoa tu karatasi mfukoni. Mama aliipokonya karatasi mkononi mwangu, akaikusanya na fungu zima, akalisukumia motoni chini ya kikaango. "Siri ya mutoto wa muntu, tunafungia karanga?" alisema, akijiuliza mwenyewe kuliko kuniuliza mimi. Karanga zilizokuwa kikaangoni ziliungua, na hakuna aliyejali.

Leo nimesomea ustawi wa jamii, na katika ofisi yangu kumbukumbu za watoto hukaa ndani ya kabati la chuma lenye kufuli. Nimebishana na wakubwa wangu kwa ajili ya kufuli hilo, na sijutii. Ila nilidhani kwamba kulifunga ndiyo kazi yote. Zawadi alikuja mwezi uliopita, akiwa amembeba mwanawe mgongoni. Alikuwa amezunguka ofisi nyingi akitafuta habari za kuokotwa kwake. Huku aliambiwa kwamba mambo hayo ni siri, kule kwamba hayapo. "Maman yangu ni ule ule alinilea," alisema, "lakini nataka kujua nilianzia wapi. Hadija, weye ndiyo dosiye yangu imebakia." Aliniambia hivyo, kwamba mimi ndiye jalada lake lililobaki, akitabasamu, na tabasamu hilo lilinichoma kuliko tusi.

Niliinuka nikafunga mlango. Karatasi ile ninaikumbuka neno kwa neno, pamoja na mstari uliofuata, ambao bombani niliuruka kwa sababu haukunifaa katika ugomvi. Nilimsomea kutoka kichwani mwangu: *Mtoto amekutwa ameoshwa, amepakwa mafuta, amefunikwa kitenge cha buluu chenye picha za samaki, hana jeraha wala njaa.* Zawadi alimshusha mwanawe, akampakata. Kisha akaniomba niurudie. Niliurudia mara tatu, kwa sauti ya kumtosha yeye peke yake.