Mukia Yenye Haikuota Kichwa

Mama alisema mududu mwenye unamukata vipande mbili na hakufe, huyo iko na siri na Mungu, tumuache. Miye sikumuacha. Nilimutoa chini ya jiwe mu kijito ya Mudzipela, mwembamba, mweupe kama ukucha, nikamukata na wembe. Profesere alikuwa ametupa kazi: kila mwanafunzi akate mududu wake, angoje majuma mbili, halafu aonyeshe vipande namna vimeota. Mwenye kukosa atarudia mwaka. Na baba alikuwa ameshasema, nikirudia, nitaenda kwanza Gety kulima.

Wenzangu walipata wadudu weusi. Kisha juma moja, kwao kichwa ilikuwa imeota mukia, na mukia imeota kichwa, na macho mbili zinakuangalia. Nilisahau kupumua. Wakati ule siye wa Bunia tulikuwa tunalala na viatu ku miguu, tayari kukimbia, amani ilikuwa ya mudomo tu, na hapa mu sahani kitu kilichokatwa kilikuwa kinajirudisha.

Kwangu, kichwa ilipata mukia. Mukia ikabaki mukia. Siku ya kumi na tatu nikaimwaga mu beseni nyuma ya nyumba, nikaweka pahali pake mududu mwingine muzima. Nilidanganya, kabisa.

Wanasema njia ya muongo ni fupi. Yangu iliishia ku ordinatere, ile kompyuta ya profesere. Mule mulikuwa daftari yenye wataalamu wa inchi mingi wanajaza: kila mukato, pahali ulipita, na nini iliota, yote kwa michoro. Unachora wako, mashini inakutafutia yenye kufanana. Siku ya kuonyesha, profesere akachora wangu. Ikatoka mududu mweupe, na ku kipande ya mukia, pahali pa kichwa, wazi.

"Mukia ya huyu haiotake kichwa," alisema. "Yako imeota namna gani?" Alikuwa na furaha, maskini, alifikiri nimegundua kitu. Akanisogezea kiti niandike mwenyewe.

Niliangalia ile pahali wazi. Mutu fulani, mbali sana, alikosa sawa na miye, na hakuona haya. Alichora kukosa kwake, dunia nzima ione.

"Profesere, nilidanganya."

"Basi," alisema, "kaniletee ile ya kweli."

Nilikimbia. Nikamukuta mama ameinamisha beseni, anataka kumwaga. "Mama, ngoja!" Ilikuwa mule bado, bila kichwa, inatembea polepole.

Uongo wangu ulihesabiwa kukosa: nililima Gety musimu muzima, halafu nikarudia mwaka. Lakini mu ile daftari kuko mududu wa Mudzipela, na pahali pa kichwa nilipaacha wazi na mukono yangu.