Mapacha wa Kahawa na Mkonge

Watu wakinisikia nikiitaja ile sinema kwa hasira, hudhani niliichukia. Sikuichukia. Niliipenda mno, na hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, nasi tulikuwa tukiishi kwenye laini, vile vijumba vya safu vya wafanyakazi, katika shamba moja la kahawa nje ya Ruiru. Mume wangu alikuwa kiwandani, kwenye mashine ya kumenya kahawa. Mimi nilikuwa mchumaji kama wanawake wengine, ila nilikuwa nimesoma sekondari miaka miwili kabla karo haijamshinda baba. Elimu yenyewe ilinisaidia kusoma maandishi ya magunia. Binti yetu alikuwa bado hajasimama dede.

Gari la sinema la serikali lilikuja jioni moja. Wakatundika shuka nyeupe kati ya nguzo mbili pale tunapopimia kahawa, tukaketi chini na watoto. Hadithi ilikuwa nyepesi. Mama mmoja kama sisi, miguu peku kama sisi, anamsikia mtoto wake akikohoa asubuhi. Hangoji. Anamfunga mgongoni, anakwenda hospitali, nesi anampokea mlangoni kwa tabasamu. Mtoto analazwa kwenye kitanda chake peke yake, anachomwa sindano, na punde si punde yuko nyumbani anacheka. Mtu wa kipaza sauti akatupigia kelele kwa Kiswahili: "Akina mama, msingoje! Ukija mapema, mtoto anapona!"

Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Mimi nililia. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa kwanza, mvulana, kwa kifua, na tulikuwa tumengoja. Tulidhani kitapoa chenyewe. Basi usiniambie sinema ni upuuzi. Sinema ile ilinishika bega ikaniambia, safari hii usingoje.

Msimu wa kuchuma ulipopamba moto, binti yangu akaamka akikohoa. Kikohozi kikavu, na kila pumzi mbavu zikiingia ndani. Nilikwenda kwa nyapara kutaka ruhusa, maana siku hizo Mkikuyu hakutoka shambani bila kibali.

"Anakohoa tu," nyapara akasema. "Hata mimi nakohoa."

"Wewe kohoa. Mimi nakwenda hospitali."

"Mama, kahawa imeiva. Itadondoka."

"Basi idondoke. Kahawa haina mama."

Wanaume waliokuwa pale wakacheka, naye akacheka, akanipa kibali. Hakuwa mtu mbaya. Lakini acha niseme kuhusu hiyo kahawa, maana imenikaa kooni. Mkahawa ukipata doa la kutu kwenye jani moja, kulikuwa na mtu wa kuliona. Kazi yake ilikuwa hiyo tu: anapita mstari kwa mstari akigeuza majani, na akiona doa, wenzake wanafuata na pampu mgongoni kunyunyiza dawa. Hakuna aliyeuambia mkahawa uje mapema. Kwenye laini zetu, watoto walilala kwa makumi, na sikuwahi kuona mtu akipita mlango kwa mlango kugeuza mtoto amtazame kifua. Mtoto wa bwana shamba alipopata kikohozi, aliwahi Nairobi kwa gari kabla ya chai ya saa nne. Sikumwonea gere. Mtoto ni mtoto. Nilichotaka ni wangu naye ahesabiwe mtoto.

Hospitali ilikuwa ndogo, ya mabati, iliyojengwa na wenye mashamba upande wa kwenda Thika. Nilitembea asubuhi nzima. Nilipofika kwenye veranda nilisimama nikashangaa. Ilikuwa imejaa. Wanawake wa kahawa, wa mkonge, wa mananasi, kila mmoja na mtoto wake, wengine wamekaa mpaka kwenye nyasi.

"Kumetokea nini?" nikamuuliza mwanamke niliyeketi kando yake. Alikuwa Mkamba kutoka shamba la mkonge upande wa mashariki, mikono imechanjwa na miiba, amempakata mvulana mnene ambaye pumzi yake ilikuwa ikipiga filimbi.

"Kumetokea sinema," akasema.

Gari lile lilikuwa limezunguka mashamba yote. Sote tulikuwa tumeiona. Sote tulikuwa tumekuja mapema.

"Yule nesi wa mlangoni yuko wapi?" mmoja akauliza kwa sauti. "Yule wa meno!"

"Amekwenda kucheza sinema nyingine."

"Aiya, na kitanda chake amekwenda nacho!"

Tulicheka na watoto wetu wakikohoa. Mhudumu wa dawa, tuliyemwita dresa, akatoka akatufokea. "Mnacheka nini? Mtoto kukohoa kidogo tu mnakuja! Rudini, mje akizidiwa."

"Sinema imesema mapema," tukamjibu karibu kwa pamoja.

"Nani aliwaambia mfuate picha?"

Serikali ndiyo ilituambia, na kwa kipaza sauti. Hapo ndipo moto uliponiwaka kifuani. Walikuwa na petroli ya kulizungusha lile gari kila shamba, lakini hakuna aliyeongeza kitanda hata kimoja. Kama kuna mkubwa anayetaka kujua maoni ya mwanamke kuhusu kurekebisha mambo ya hospitali, yangu ni haya, na hayahitaji kikao: weka vitanda kwanza, weka nesi wa pili, halafu ndipo uniletee sinema, nami nitaipigia vigelegele tena.

Nesi tulimwona baadaye. Alikuwa mmoja, msichana wa rika langu, viatu vyake vimelika visigino, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mama mmoja alimwambia kwa ukali kwamba katika sinema yeye hutabasamu.

"Hiyo sinema sijaiona, mama," akasema. "Ilipokuja nilikuwa zamu. Ilikuwaje?"

Tukamhadithia huku akipita akiwagusa watoto vipaji vya uso. Alipofika kwenye kitanda cha peke yake na shuka nyeupe, alisimama kidogo. "Shuka nyeupe," akasema, kama mtu aliyetajiwa nyama wakati wa njaa.

Kufika jioni, binti yangu hakulia tena. Alikuwa akihema tu, midomo imefifia. Nesi akamtazama, akamtazama yule wa mkonge aliyekuwa akipiga filimbi, akatuita sote wawili ndani.

"Kitanda kilichobaki ni kimoja," akasema polepole. "Na Memsabu amekataza watoto wawili kitanda kimoja. Labda wawe mapacha."

Memsabu alikuwa mkuu wa wadi, Mzungu mwenye nywele za mvi. Nilimtazama Mkamba yule. Ningeweza kusema wangu ndiye mdogo zaidi. Alikuwa mdogo kweli. Lakini niliwahi kumsikia mtoto akipumua kama wake, na nilijua kinachofuata.

"Basi ni mapacha," nikasema.

"Haiya! Wangu ana meno," Mkamba akanong'ona.

"Alitangulia kuzaliwa."

"Kwa mwaka mzima?"

Nesi alikuwa tayari anatandika blanketi. Tukawalaza kichwa huku na miguu huku, wakachomwa sindano, wakalia kwa pamoja kama mapacha kweli. Kwa kuwa jina langu ndilo lililoandikwa, mimi nikawa mama, yeye akawa shangazi aliyekuja kunisaidia.

"Mkikuyu na Mkamba, mapacha," akasema tulipoketi sakafuni kando ya kitanda usiku ule, akijizuia kucheka. "Mume wangu akisikia ataniuliza baba ni nani."

Asubuhi Memsabu akapita. Akasimama mbele yetu, akainama.

"Hii mapacha?"

"Ndiyo, Memsabu."

"Hii moja iko kubwa sana."

"Huyo ndiye anayekula, Memsabu."

Nesi alikuwa nyuma yake na sinia la dawa. Uso wake haukusogea. Memsabu akawatazama watoto kwa muda mrefu, akatutazama sisi, akanyoosha mkono akalivuta blanketi likafunika mguu wa yule mvulana. Kisha akaenda kitanda kingine. Mpaka leo siamini kwamba hakujua. Nadhani sheria ilikuwa imemchosha naye pia, akashukuru kuona mtu ameipatia mlango wa nyuma.

Binti yangu alipona haraka kuliko mwenzake. Alianza kunyonya, akaanza kumvuta kaka yake wa kusingiziwa vidole vya miguu. Kesho yake nesi akaniambia ningeweza kwenda. Kumbe hapo pakawa na fundo. Kitanda kilikuwa cha jina langu. Nikitoka, kinapewa wa verandani, na mvulana wa mkonge bado alikuwa na homa, bado filimbi inalia. Nikasema wangu bado anakohoa. Nikabaki.

Lakini dirisha la wadi lilitazama veranda. Pale nje palikuwa na mwanamke wa mananasi, mdogo kuliko mimi, na kichanga ambacho kilikuwa hakilii tena. Nilijua maana ya kutolia. Kila nilipoinua macho nilimwona, naye hakujua kwamba mtoto wangu mzima amelalia nusu ya kitanda alichokuwa akikiomba kwa Mungu. Ndivyo umaskini unavyotufanyia. Wenye magari huwaoni hapo. Unamwona mwenzako tu, na unajikuta umemkalia.

Usiku nikamwambia Mkamba nilichofikiria. Alinitazama, akachungulia dirishani, akasema, "Mapacha watatu Memsabu hatakubali."

"Hawatakuwa watatu."

Kabla hakujapambazuka vizuri nilimfunga binti yangu mgongoni. Mkamba akatoka akamleta yule wa mananasi kwa mkono, tukakilaza kichanga pale palipokuwa bado pana joto la wangu. Nesi akaja na sindano. Alikiona kichanga, akaniona mimi na mzigo wangu mgongoni. Hakuuliza kitu. Akakichoma sindano, nacho kikalia, kilio chembamba, na sote wanne tukashusha pumzi.

"Na jina?" nesi akauliza.

"Jina langu liacheni hapo hapo kitandani," nikasema. "Mkamba sasa ndiye mama."

Nilikuwa nimefika mlangoni nilipomsikia yule wa mananasi akiuliza kwa woga, "Na mimi je, nikiulizwa mimi ni nani?"

"Wewe ni shangazi," Mkamba akamwambia, akijisogeza sakafuni apate mahali pa kukaa.