Mamba Asiyeonekana wa Ilagala

Siku ya kwanza kazini nilifika na penseli mbili tu. Studio yetu ilikuwa chumba kimoja mtaani Rusimbi, na Mkurugenzi, mgeni kutoka mkoa mwingine, alinipokea bila kuniangalia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Chora mtu anayeanguka. Nataka niogope kabla hajaanguka."

Ndivyo nilivyoingia katika filamu za katuni. Nilianza na storibodi, yaani picha ndogo ndogo zinazopangwa ukutani kwa mtiririko wa hadithi, ili kosa lionekane kabla filamu yenyewe haijaanza kuchorwa. Baadaye nilipewa michoro mikuu, ile ya mwanzo na mwisho wa mjongeo. Wenzangu walijaza ya katikati. Yote kwa mkono, juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Mkurugenzi akipita nyuma yangu, niliifunika karatasi kwa kiwiko.

Kisha ikaja kazi ya mamba. Watoto walikuwa wakikamatwa wanapoteka maji karibu na mdomo wa mto Malagarasi, nasi tukatakiwa kuwatengenezea filamu ya kuwaonya. Nikatumwa kijijini Ilagala kuangalia mahali penyewe.

Nilikaa kwenye jiwe kando ya maji, nikawa nachora wanawake wakiteka. Mmoja wao, Mama Eliza, alisimama ghafla na ndoo yake mkononi.

"Mwanangu, ondoka hapo. Maji yametulia mno."

"Mbona sioni kitu, mama?"

"Ndiyo maana nakwambia uondoke!"

Alinivuta mkono, tukaanguka chali. Maji yakapasuka. Taya zikafunga juu ya ndoo iliyomponyoka, ikalia kama kuni kavu ikivunjika, na yule mnyama akarudi chini nayo. "Imana yanje!" Mama Eliza alilia, akimwita Mungu wake kwa Kiha. Mimi sikuweza hata kulia. Meno niliyaona, lakini kilichonitisha zaidi ni jinsi maji yalivyotulia tena, kama vile hapajatokea kitu.

"Mtoto wa dada yangu alichukuliwa hapa hapa," aliniambia tulipokwisha kupanda juu. "Tulipata kandambili moja. Mamba mwenyewe hatukumwona."

Nilirudi Rusimbi nikachora storibodi nzima. Mkurugenzi aliipitia picha kwa picha, akarudia tena.

"Mamba yuko wapi?"

"Yumo, Mzee."

"Simwoni."

"Hata watoto wa kule hawamwoni."

"Filamu ya mamba isiyo na mamba! Haya. Lakini siku ya kuionyesha utasimama mbele wewe, si mimi."

Tuliionyesha shuleni Ilagala, madirisha yamezibwa kwa kanga na mablanketi. Msichana anashuka na ndoo. Maji yametulia. Niliacha yatulie hadi watu wakaanza kujisogezasogeza vitini. Kisha ikabaki ndoo peke yake, inaelea.

Mtoto mmoja akaanza kulia, na darasa zima likafuata. Mzee mmoja akasimama, amekasirika.

"Mmewatia watoto wetu woga! Kesho nani atateka maji?"

Niliona nimeharibu kila kitu. Ndipo Mama Eliza akainuka kutoka nyuma.

"Kesho tutateka sisi wakubwa. Na nyie wanaume mtakata miti, mtujengee uzio majini. Au mnangoja ndoo nyingine ielee?"

Walikata miti, na uzio ukasimama. Tukiwa njiani kurudi, Mkurugenzi alisema, "Binti, usinichoree tena kitu kama kile." Tulipokaribia mjini akaongeza, "Hapana. Nichoree."

Nilihamishiwa Dar es Salaam, nikawa mwongozaji, ndiye anayeamua filamu nzima ionekane vipi. Meza za taa zikaondoka, kompyuta zikaingia. Vijana wangu walijua kutengeneza kila gamba la samaki, nami niliwauliza swali moja tu: mtazamaji anaogopa nini, na ukimwogopesha, umemwonyesha pa kukimbilia?

Sasa nimestaafu, ninaishi Ujiji, karibu na ziwa. Wengi hudhani woga huisha mtu akiacha kazi. Asubuhi nasikia watoto wa jirani wakishuka na madumu, wanacheka. Nazitambua sauti zao, moja moja. Chai yangu inapoa mezani mpaka zote zipande tena.