Kiti Walichokiita Mdaku

Siku yangu ya kwanza kazini nilishona mkanda wa usalama ukakatika. Ilikuwa katika karakana moja mjini Kitui, nyuma ya soko. Nilikuwa nimetoka Matinyani asubuhi hiyo nikiwa na cheti cha ushonaji na viatu vya kuazima. Nilijua kushona sare za shule na vitambaa vya makochi. Fundi Mkuu, mzee mfupi asiyependa maneno mengi, alinipa utepe mpana wa nailoni akaniambia niushonee ulimi, yaani kile chuma bapa kinachoingia kwenye kifungio. Nilishona mistari miwili iliyonyooka, mizuri kabisa, nikampelekea nikitarajia sifa. Aliufunga mkanda ule kwenye mnyororo wa kunyanyulia injini, akauning'inizia injini kuukuu, akasogea kando. Nyuzi zilianza kuachia moja moja, kisha injini ikaanguka mchangani.

"Hapo umeua mtu," akaniambia. "Sasa fumua, shona tena."

Nilifumua kwa wembe, kama tunavyofumua mafundi wote, nikashona tena. Siku ya nne injini haikuanguka. Hakunipongeza, ila alinionyesha mahali pa kuweka kikombe changu cha chai, na mimi nikajua nimeajiriwa.

Nawaandikia ninyi vijana wa kazi hii kwa sababu moja. Iko taarifa katika faili la ofisi fulani mjini Wote inayosema kwamba kiti nilichobuni hakikufanya kazi siku kilipohitajika. Niliyasababisha mimi maneno hayo, na nimeyaacha yakae hivyo tangu wakati huo. Nitayaeleza yote, lakini mtanivumilia nipitie njia niliyopita.

Kwa Fundi Mkuu nilijifunza kwamba mkanda ni mambo matatu. Kuna utepe wenyewe na mshono wake, ambao lazima uende na kurudi kama meno ya msumeno ili uzi mmoja ukiachia mwingine ushike. Kuna kikasha chenye springi kinachouvuta mkanda urudi, na ndani yake kuna kipande kidogo kinachoning'inia. Gari likifunga breki ghafla kipande hicho huinama na kuuzuia mkanda usitoke tena. Halafu kuna bolti. Bolti ya mkanda inapita sakafu na kushikwa chini kwa bamba la chuma. Ukiifunga kwenye bati tupu, siku ya ajali itang'oka na bati lake.

Nasema hivyo kwa sababu wakati ule wenye magari wengi hawakutaka bamba. Walitaka mikanda ya ukaguzi. Ilikuwa seti moja safi iliyofungwa kwenye gari linalopelekwa kwa mkaguzi, kisha inafunguliwa jioni na kufungwa kwenye gari la jirani linalokaguliwa kesho. Kitui nzima nadhani ilipita ukaguzi kwa seti tano. Fundi Mkuu alikataa kazi hiyo mara mbili, mara ya tatu akaikubali, maana alikuwa na watoto shuleni. Aliniachia mimi niifunge. Yeye alienda kukaa nje hadi nikamaliza.

Nilipohamia Wote niliajiriwa katika karakana ya magari ya ofisi ya umma, chini ya bwana tuliyemwita Injinia. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri lakini hakuwahi kunipandishia sauti. Siku moja mgeni alileta gari lake litengenezwe, gari la ajabu: ukifunga mlango, mkanda unatembea wenyewe kwenye reli juu ya dirisha na kukupita kifuani bila wewe kuinua mkono. Injinia aliniita niketi nijaribu. Nilifunga mlango, mkanda ukatembea nusu ya njia, ukakwaruza, ukasimama usoni pangu. Tulipofungua reli tulikuta vumbi letu jekundu limejaa hadi kwenye mota.

"Mama, hii ya kutembea haiwezi hapa kwetu," Injinia akasema. "Wewe fikiria ile haitembei."

Nilifikiria karibu mwaka mzima. Mimi si mtu wa mota, ni mtu wa godoro na kitambaa. Basi nikatengeneza kiti kinachojua kama kimekaliwa. Ndani ya sponji niliweka tepe mbili za shaba zilizotenganishwa na sponji nyembamba yenye matundu. Mtu akikaa, shaba zinagusana. Kwenye kifungio niliweka swichi. Kama kiti kimekaliwa na mkanda haujafungwa, baza inalia mbele kwa dereva na taa inaonyesha ni kiti kipi. Baadaye niliongeza relei, swichi ndogo inayojishikilia, ili gari likishaondoka, mtu aliyekuwa amekaa na kufunga akiinuka au akifungua mkanda njiani, baza ilie mpaka akae na kuufunga tena.

Madereva wa ofisi walikichukia kiti hicho. Walikiita Mdaku, kwa kuwa kilikuwa kinasema mambo ya watu. Mmoja alikuwa anafunga mkanda kwanza kisha anaukalia, akinitazama huku anatabasamu. Nilimwambia aendelee hivyo, mke wake bado ni kijana, ataolewa tena. Kuanzia hapo aliufunga kifuani.

Injinia alikipenda. Aliniambia kinahitaji kujaribiwa katika gari la abiria, na kikienda miezi sita bila shida yeye mwenyewe atapeleka michoro Nairobi ili ikubaliwe kwa mabasi yote. Jina langu lingeandikwa juu ya michoro. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho.

Kanisa letu la Matinyani lilikuwa limenunua basi la mitumba. Mume wangu, Musyoka, alikuwa mwalimu wa kwaya hapo, na kupitia kwake nilipewa ruhusa. Nilishona viti vyote ishirini na tisa, na bolti zote nikaziwekea mabamba, kwa mikono yangu na ya fundi mmoja wa kuchomelea. Siku ya kwanza wazee walikaa, wakafunga mikanda, baza ikanyamaza, wakapiga makofi.

Kile ambacho sikukifikiria ni namna watu wetu wanavyosafiri. Kwaya ya Kikamba haikai kimya ndani ya gari. Wanaomba kabla ya kuondoka, na gari likishika barabara wanaimba hadi wanakokwenda, na mwalimu anasimama mbele, mgongo kwa kioo, uso kwa waimbaji, anawaongoza kwa mikono. Musyoka alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Sasa kila aliposimama, kiti cha kwanza kililia, na kililia hadi akaketi akafunga. Safari ya kwanza waliimba juu ya kelele hiyo. Safari ya pili waliacha kuimba.

Mchana mmoja Mwenyekiti wa Kamati ya Basi alikuja nyumbani kwetu pamoja na Musyoka. Basi lilikuwa limeegeshwa uani.

"Mama Mutheu, tunashukuru kazi yako," Mwenyekiti akaanza. "Lakini hii kitu inaingilia ibada. Watu wanasema sasa Mungu anaimbiwa na baza."

"Mwalimu akikaa, haitalia," nikamjibu.

"Mwalimu ataongozaje kwaya akiwa amekaa? Hatusemi utoe yote. Toa hiyo yake moja tu."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mama Mutheu," akasema polepole, "wananicheka. Tuonee huruma tu."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kumpigia Injinia simu. Lakini yule alikuwa mume wangu, na aibu yake niliiona, na mimi ndiye niliyekuwa nimeileta. Niliingia ndani ya basi, nikafumua upande mmoja wa kiti cha kwanza, nikaukata waya kwa mkasi wangu wa kazi, nikarudisha sponji, nikashona. Nilishona vizuri, mshono ukafuata matundu yale yale ya mwanzo. Hakuna mtu angejua kiti kile kiliwahi kufunguliwa. Injinia sikumwambia, kwa kuwa zilikuwa zimebaki wiki chache miezi sita itimie.

Safari iliyofuata kwaya ilikuwa inaenda kwenye kongamano Kibwezi. Kwenye mteremko, kabla ya kufika, ng'ombe waliingia barabarani na dereva akafunga breki. Basi halikupinduka. Halikugonga hata ng'ombe mmoja. Vikasha vyote vilishika, bolti zote zilishika, na waimbaji wote walirudi nyumbani wakiwa na michubuko ya mikanda mabegani. Musyoka alikuwa amesimama, mgongo kwa kioo. Waliniambia walikuwa kwenye ubeti wa pili.

Baada ya mazishi Injinia aliniita. Basi lilikuwa limeletwa kwenye karakana yetu, na alikuwa amelikagua yeye mwenyewe, kiti kwa kiti, na wembe ulikuwa mkononi mwake. Alikuwa amebakisha kiti cha kwanza.

"Pole tena, Mama," akasema. "Dereva anasema kiti cha mwalimu hakikulia. Anasema kama kingelia angesimamisha gari, hivyo ndivyo nilimwagiza. Wewe unajua ni kwa nini?"

Nilikuwa najua anachoniuliza, na nilijua Mwenyekiti hakuwa amemwambia. Nikisema ukweli, kiti changu kinatoka safi na michoro inaenda Nairobi. Lakini kanisa zima lilikuwa limeambiwa kaburini kwamba mwalimu alichukuliwa akiwa anamwimbia Mungu, na watoto wangu walikuwa wanalishikilia neno hilo. Ningesema nini? Kwamba baba yenu aliomba, na mama yenu akakata?

"Labda waya iliachia," nikasema.

Aliutazama mshono wangu. Alinitazama mimi katika nguo za msiba.

"Nifumue tuone?"

"Mtu ameshaenda, Injinia. Utafumua nini."

Aliuweka wembe mfukoni. Kwetu mtu hambishii mjane wa wiki mbili, na mimi nilijua hivyo nilipoongea. Aliandika kwamba kifaa kilishindwa kufanya kazi kwa sababu isiyojulikana. Ofisi ikaamuru swichi zangu ziondolewe kwenye magari yake yote. Nilizitoa mimi mwenyewe, moja baada ya nyingine, na madereva safari hii hawakunitania. Michoro haikutoka Wote. Ni watu wangapi wangelikuwa hai leo kwa ajili ya baza ile sijui, na nikianza kukisia silali.

Niliendelea kushona hadi kustaafu. Viti vya kawaida, vifuniko vya ambulansi, mahema. Basi lilipouzwa chuma chakavu niliomba kiti kimoja, kile cha kwanza, kanisa likanipa, wakidhani ni kwa ajili ya kumbukumbu. Nimekiweka stoo, nimekifunika kwa gunia.

Siku hizi magari yanakuja na Mdaku wake kutoka kiwandani. Usipofunga mkanda linalia. Na watu wetu wamepata dawa yake: ulimi wa bandia, kipande cha chuma tu kisicho na mkanda, unakichomeka kwenye kifungio na gari linanyamaza likidhani umefunga. Binti yangu Mutheu ana duka la viti na vifaa vya magari pale Wote, kazi hiyo aliichukua kwangu. Hivi majuzi nilimtembelea nikakuta boksi zima la ndimi hizo kwenye kaunta.

"Hizi ni za nini?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Mwaitu, watu wanaziulizia. Kelele inawasumbua." Mwaitu ndivyo anavyoniita, mama yangu kwa Kikamba. Akaendelea kukunja kitambaa. "Na hizo mashine si za kuamini. Hata ile yako ilinyamaza siku ya baba."

Nilikaa kwenye stuli ya wateja.

"Haikunyamaza," nikamwambia. "Mimi ndiye nilikata waya."

Akaacha kukunja. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Nilipomaliza aliuliza neno moja tu.

"Baba alikuwepo ulipokata?"

"Chini ya kiti palikuwa na giza. Yeye ndiye alinishikia tochi."

Hakulia. Afadhali angelia. Alifunga duka, akaniendesha hadi nyumbani, akakitoa kiti stoo mwenyewe na kukiweka uani. Kisha akaingia ndani, akarudi na wembe, akanipa.

"Fumua," akasema.

Nilifumua. Ncha mbili za waya zilikuwa pale nilipoziacha, zimekatwa sawasawa, wala hazikuchomoka mahali. Mutheu alizishika, akazigusanisha, akaziachanisha tena.

Kesho yake tulikwenda ofisini. Injinia alishastaafu na kuhamia kwao. Kijana tuliyemkuta alitusikiliza kwa heshima, akasema faili za zamani ziko kwenye makontena na hajui nani ana funguo. Ndiyo maana ninaandika hapa.

Kiti kile sasa kiko dukani kwa Mutheu, ubavu wazi, kando ya boksi la ndimi za bandia. Boksi hakuliondoa, anasema wataenda tu duka la pili. Lakini anayetaka kununua anaonyeshwa waya kwanza, na anaambiwa uliokatwa ulikuwa wa nani. Jumamosi nilikaa naye pale kutwa. Watu watatu walionyeshwa. Walisikitika wote, wakanipa pole, na wawili wakanunua.