Ngozi Aliyofungwa Mbwa Wetu

Siku tuliyovishwa ngozi tulikuwepo hawa: mimi niliye mkubwa, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, kitindamimba wetu wa kike, bibi mzaa baba, na baba mdogo aliyeleta mbuzi. Alikuwepo pia mbwa wetu jike, mwenye rangi ya majivu. Yeye hakuhesabiwa na mtu ila kitindamimba.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, nyumbani kwetu karibu na Issuna. Mama alikuwa amemfuata baba kaburini mwaka uliotangulia, nami nikaacha shule darasa la tatu nikashika jembe. Baba mdogo alichinja mbuzi wa kumaliza matanga, bibi akakata ngozi mbichi vipande vyembamba, akamfunga kila mmoja wetu mkononi.

"Hii haikatwi," alisema. "Inaanguka yenyewe ikichoka. Anayeikata anaita msiba mwingine."

Baba mdogo naye alikuwa na lake. Kabla ya kuondoka na bibi, aliyekuwa akikaa kwake, alisimama kwenye zizi akawatazama mbuzi.

"Hawa ni mali ya marehemu kaka yangu. Siku fisi akichukua hata mmoja, waliobaki nawachukua, na ninyi nawagawa. Mmoja ataenda Mungaa, mmoja Itigi kwa shangazi yenu. Wewe utaolewa."

Hakusema kwa ubaya. Ila mlinzi wa zizi alikuwa yule mbwa tu. Fisi walimjua, wakapitia mbali.

Jumapili iliyofuata, jua limeanza kushuka, nilimwita mbwa asiinuke. Kichwa kilikuwa kimevimba, macho yamejaa damu, ulimi umekuwa mweusi, povu linadondoka. Miezi ile vijiji vya jirani vilikuwa na kichaa cha mbwa, na amri ilikuwa kwamba mbwa yeyote mwenye povu auawe.

"Dada," mdogo wangu alisema, "bwana mifugo akimwona atampiga risasi."

"Na tukikaa naye hapa atakufa kabla ya giza."

"Basi fisi watakuwa na sherehe."

Hatukucheka. Tulimfunga ndani ya ngozi ya ng'ombe, tukaining'iniza kwenye mti, tukaubeba begani kwenda kituo cha mifugo, mmoja mbele mmoja nyuma. Kitindamimba alitufuata, maana hapakuwa na wa kumwachia.

Njia ilipita kilabuni. Mzee mmoja aliinua kibuyu chake. "Mnampeleka wapi bibi harusi?" Wenzake wakaangua kicheko. Kisha akaliona povu likidondoka vumbini, na kicheko kikakatika. Aliokota rungu. Wengine nao wakainuka, wakaanza kutufuata kwa mbali.

Kituo kilikuwa kimefungwa. Bwana mifugo, mtu wa kuja kutoka upande wa ziwa, tulimkuta uani kwake nyuma ya kituo, miguu mitupu, bunduki ya serikali imeegemezwa mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo Jumapili, binti. Hata ng'ombe wanajua." Akatazama tulichobeba. Akainuka, akaichukua bunduki.

"Piga," mmoja wa wale wanaume alisema nyuma yetu. "Piga tukamalize pombe yetu."

"Amemng'ata mtu?" bwana mifugo aliniuliza mimi.

"Hapana."

"Maji anayaogopa?"

"Asubuhi alikwenda mtungini mwenyewe. Alitaka kunywa, hayakupita."

Alifikiri. Bunduki akaiweka chini, akaviringisha gunia mkononi, akaanza kupapasa taya, kisha shingo. Vidole vikasimama. "Kuna kitu hapa kimezama nyamani."

Kitindamimba alisogea. "Ni ya kwake," alisema. "Nilimfunga ile iliyobaki. Na yeye amefiwa."

Ngozi ile mbichi ilikuwa imekauka juma zima juani, ikajikaza kidogo kidogo, na uvimbe ukaifunika. Bwana mifugo alichomoa kisu. Mdogo wangu akamshika mkono.

"Baba, hiyo haikatwi."

Alimweleza alivyosema bibi. Wale wenye marungu, ambao hawakuwa wameogopa povu, walirudi nyuma hatua moja. Bwana mifugo akanigeukia.

"Wewe ndiye mkubwa. Unasemaje?"

Mbwa alikuwa anakoroma kwa mbali, kama mtu aliye chumba kingine. "Nipe kisu, baba. Nitakata mwenyewe. Likija, lije kwangu."

"Likija kwako, hawa watabaki na nani?" Aliinama. "Mimi si wa kwenu. Msiba wenu haunijui."

Akakata.

Mbwa alivuta pumzi kwa kishindo, na kwa pumzi ileile akamng'ata kidole gumba. Bwana mifugo alichota maji. Alinawa kwa sabuni muda mrefu sana, damu ikiendelea kutoka.

"Mfunge mbali na watoto," alisema. "Mwezi mwingine ukiandama akiwa mzima, basi ilikuwa ngozi tu. Akibadilika, njoo mbio, saa yoyote."

"Nikulipe nini, baba?"

"Akizaa, unipe jike mmoja. Hapa nalala peke yangu."

Siku zile kila asubuhi nilitazama macho ya mbwa, halafu nikatazama njia ya kituoni. Fisi walijua kuwa amefungwa. Walikuja karibu hata tukasikia pumzi zao, na mimi na mdogo wangu tukalala mlangoni pa zizi na mikuki ya baba. Hawakupata mbuzi hata mmoja. Mwezi uliandama, mbwa akala ugali akaomba mwingine. Baba mdogo alipokuja aliwahesabu mbuzi, akaondoka bila kutugawa.

Mbwa alizaa mvua zilipoanza. Nilimpeleka mtoto jike kituoni ndani ya kikapu, nikamkuta mtu mwingine. Bwana mifugo wetu alikuwa amehamishwa, akapanda treni Itigi. Aliondoka na homa, yule mtu alisema. Nilimuuliza homa gani. Hakujua. Nilimuuliza amehamishiwa wapi. Hilo pia hakulijua.

Nilirudi na kikapu changu. Tangu hapo, kila mzao natenga jike mmoja. Simuuzi wala simgawi. Wa sasa yuko mlangoni pa zizi hivi ninavyoandika, ana rangi ya majivu. Watu wakimtaka nawaambia ana mwenyewe, hajaja kumchukua.